Kinacholishwa Mashine: Analojia, Dijitali na Sauti ya Hip Hop katika Bonde la Kilombero



Mjadala wa sauti ya hip hop umeendeshwa kwa muda mrefu kama kesi yenye pande mbili tu. Upande wa kwanza unadai kwamba kanda na santuri zilikuwa na joto, uzito na uhai, na kwamba kompyuta imetuletea sauti nyembamba zinazofanana. Upande wa pili unajibu kwamba hayo ni mapenzi ya ujana uliopita, kwamba dijitali ni safi na rahisi, na kwamba imempa kijana wa Mlimba au Mang'ula, huku Kilombero, uwezo ambao zamani ulikuwa wa watu wachache wa Dar es Salaam. Mimi nitatetea hoja ya tatu. Aina ya mashine ina mchango wake, ila mchango huo ni mdogo kuliko tunavyoaminishwa. Hip hop hupata sauti yake kutokana na malighafi inayoingizwa ndani ya mashine, pamoja na mipaka ambayo mashine humwekea anayeitumia. Tukiutazama muziki wetu kwa jicho hilo, tunaona kwamba lawama tunayoibebesha kompyuta inapaswa kuelekezwa kwingine: hip hop ya Tanzania ilianza safari yake ndani ya studio za kompyuta wakati hazina yetu ya analojia, iliyorekodiwa kwa miongo mitatu, ilikuwa imefungiwa kabatini.

Ushahidi wa kwanza unatoka Marekani, ambako mashine hizi zilitumika kwanza na kuandikwa habari zake kwa kina. Wapenzi wa hip hop ya New York ya mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 huisifu sana E-mu SP-1200, mashine iliyotoka mwaka 1987, kwa sauti yake nzito na yenye mchanga. Wengi huitaja kama kilele cha sauti ya zamani. Lakini SP-1200 ni ya dijitali. Ilipima sauti mara 26,040 kwa sekunde, ilhali CD hupima mara 44,100, na kumbukumbu yake yote ilitosha sekunde 10 hivi. Prodyuza aliyetaka kukata kipande kirefu aliicheza santuri ya mwendo wa 33 kwa mwendo wa 45, akakirekodi kipande kikiwa kinakimbia, kisha akakipunguza mwendo ndani ya mashine ili kirudi mahali pake. Hila hiyo ya kubana nafasi iliacha mikwaruzo na ukungu ambao leo watu huununua kwa bei kubwa. Sasa itazame Roland TR-808 ya mwaka 1980. Sauti zake ni analojia tupu: besi yake huzaliwa na saketi za umeme, na ndani yake hakuna hata sauti moja iliyorekodiwa. Ilikuwa ndiyo mdundo wa "Planet Rock" ya Afrika Bambaataa mwaka 1982, ikaacha kutengenezwa mwaka 1983, na leo besi hiyohiyo ndiyo uti wa mgongo wa trap, muziki ambao wazee wa hip hop huushutumu kuwa wa kompyuta kupita wote. Mashine ya dijitali inasifiwa kwa joto, na sauti ya analojia inalaumiwa kwa ubaridi. Basi kipimo tulichokuwa tukikitumia kina kasoro.

Tukiuliza joto la SP-1200 lilitoka wapi, jibu linapatikana katika kile ilicholishwa. Ilikula santuri. Ndani ya santuri hizo kulikuwa na wapigaji wa kweli waliokaa chumbani pamoja, ngozi ya ngoma ikitikisa hewa, hewa ikigonga ukuta na kurudi kwenye maikrofoni. Clyde Stubblefield, mpiga drams wa James Brown, alirekodi "Funky Drummer" mwaka 1969, na sekunde chache za mikono yake zimebeba nyimbo za hip hop zisizohesabika. Mashine iliikata mikono hiyo na kuipanga upya. Haikuiumba. Nitamrudia Stubblefield baadaye, kwa sababu kuna deni katika habari zake linalotuhusu sisi hapa.

Sasa tuje nyumbani. Mkoa huu wa Morogoro ulikuwa na wapigaji wa kiwango hicho. Salum Abdallah na Cuban Marimba, kisha Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, waliacha magitaa, tumba na saksafoni zinazotambulika ndani ya sekunde mbili za mwanzo. Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi za nchi nzima kwa namna ambayo leo ingeonekana ya kimaskini: bendi yote chumba kimoja, maikrofoni chache, sauti ya gitaa ikivuja kwenye maikrofoni ya mwimbaji, na mmoja akikosea wote wanaanza upya. Kuvuja huko ndiko kulikoupa muziki kina, kwa maana sikio linapata habari za chumba: nani yuko karibu, nani yuko nyuma, ukuta uko umbali gani. Kwa lugha ya SP-1200, hicho kilikuwa chakula tosha kwa vizazi vitatu vya maprodyuza.

Chakula hicho hakikuwafikia. Hip hop ilipoingia kwetu, wachanaji wa mwanzo walichana juu ya ala za Wamarekani, na Saleh J alipata jina mwaka 1991 kwa kuweka Kiswahili juu ya mdundo wa Vanilla Ice. Studio za binafsi zilipoanza kusimama miaka ya 1990, Mawingu, MJ Productions ya Master Jay, kisha Bongo Records ya P-Funk Majani na FM Studio alikofanya kazi Miikka Mwamba kutoka Finland, zilisimama wakati ambapo kinanda cha umeme na kompyuta vilikuwa ndivyo vifaa vinavyoweza kununuliwa na kutengenezeka. Rekodi za bendi zetu zilikuwa kanda za serikali ndani ya maktaba ya redio, na santuri nyingi za miaka ya 1970 zilipigwa chapa Nairobi, si Dar es Salaam. Kijana wa Bronx, New York, aliweza kuokota santuri za baba yake sebuleni. Kijana wa Ifakara aliweza kumsikia Mbaraka redioni, pengine kumrekodi kwenye kaseti huku mtangazaji akiongea juu ya gitaa, basi. Kwa hiyo maprodyuza wetu wakajenga midundo kwa sauti za kiwandani zilizomo ndani ya kinanda. Hawakukosa kipaji. "Funga Kazi" ya kundi la Hard Blasters ya mwaka 2000 na "Machozi, Jasho na Damu" ya Professor Jay ya mwaka 2001, zote za Bongo Records, ni kazi zinazosimama imara popote. Ninachosema ni kwamba nguvu yao ilitoka kwenye maneno, sauti ya mchanaji na ujasiri wa mpangilio, kwa sababu mlango wa hazina nyingine ulikuwa umefungwa.

Jambo la ajabu ni kwamba analojia ilikuwepo, ila ilikuwa mwisho wa safari badala ya mwanzo. Muziki ulitengenezwa kwa kompyuta, ukauzwa Kariakoo kwa kaseti. Kaseti hiyo ilipofika Kidatu, Mang'ula, Ifakara na kuvuka mto kuelekea Lupiro na Mahenge, ilikuwa mara nyingi imenakiliwa kutoka kaseti nyingine, na kila nakala ilikula sauti za juu: matoazi ya drams yakafifia, snea ikawa butu. Kisha ikachezwa kwenye redio kaseti ya betri. Hapa lazima tuseme habari za umeme, kwa sababu zimo ndani ya sauti. Bonde hili lina mitambo ya Kidatu yenye uwezo wa megawati 204, na Kihansi wa megawati 180, na kwa miaka mingi nyaya za msongo mkubwa zilipita juu ya vijiji vilivyolala gizani. Msikilizaji wa vijiji hivyo alianika betri juani ili apate wimbo mmoja zaidi. Betri zilipochoka, mkanda ulipunguza mwendo, na sauti ya mchanaji ikazama chini kama ya mtu mwingine. Kilichovumilia vurugu zote hizo kilikuwa sauti ya katikati, yaani sauti ya mtu. Sidhani kwamba ni bahati tu kuwa nyimbo za hip hop za miaka ile zimeweka mashairi mbele kabisa, juu ya mdundo mwepesi wenye nafasi. Muziki ulizoea mashine ya mwisho itakayousema, na mashine hiyo ilikuwa ya bei nafuu, yenye spika moja.

Mipaka ya mashine inaonekana pia mahali ambapo wengi hawaangalii, kwenye visanduku 16. Programu ya FruityLoops, iliyotoka Ubelgiji mwaka 1997 na ambayo maprodyuza wengi wa Afrika Mashariki walijifunzia kazi, humfungulia mtumiaji mstari wa visanduku 16 vya kubonyeza, sawa na zile swichi 16 za TR-808. Analojia ya 1980 na dijitali ya 1997 zina gridi ileile, na gridi hiyo ina maoni yake kuhusu muziki: inataka nne ndani ya nne. Ngoma nyingi za bonde hili na za milima inayolizunguka, sangula ya Wapogoro ikiwa mojawapo, hutembea kwa tatu zilizolala juu ya mbili, na mchezaji huamua mguuni ni ipi anayoifuata. Mpangilio wa programu unaweza kubadilishwa kwa mibonyezo michache. Lakini kijana anayejifunza peke yake, bila mwalimu, huanza na kile kilichofunguka mbele yake, na baada ya miaka miwili mkono wake umeshazoea. Kisha kuna pigo lenyewe. Mpiga ngoma hupasha ngozi kwenye moto ili ikaze, na katika mapigo mia moja hapana mawili yanayolingana: moja limegusa ukingo, jingine limekandamizwa kwa kisigino cha kiganja. Programu huchukua pigo moja na kulirudia bila badiliko, na sikio huchoka hata kama mwenye sikio hajui kwa nini. J Dilla wa Detroit aliliona tatizo hili akiwa na Akai MPC3000, mashine ya dijitali kabisa, na akaacha kuiruhusu imnyooshee mapigo. Alipiga kwa vidole, yakakaa mbele au nyuma kidogo ya mstari, na kizazi kizima kikajifunza kutoka kwake kwamba kompyuta inaweza kuyumba kama mtu.

Kiswahili chenyewe kinaingia katika hesabu hii. Mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi ya mwisho huachiwa ishuke. Mchanaji anayetaka kina kigonge juu ya snea analazimika kuchagua: aweke silabi yenye mkazo juu ya pigo na kuiacha ya mwisho ining'inie baada yake, au ausogeze mstari mzima nyuma. Juu ya mdundo ulionyooshwa kama rula, kuning'inia huko husikika kama kuchelewa. Juu ya mdundo unaopumua husikika kama ufundi. Aidha silabi zetu karibu zote huishia na irabu, na wimbo unapobanwa mno mwishoni ili usikike kwa kishindo, mikia ya irabu hizo hupanda juu, maneno yakashikana, na shairi lililoandikwa kwa uangalifu likageuka uji. Kasoro hii ya kubana ni ya enzi ya dijitali, kwa kuwa kanda ilikuwa na kikomo chake cha asili: ukiizidishia sauti ilijikunja taratibu. Hapa wapenzi wa analojia wana haki kamili, na nawapa haki yao.

Wapo watakaosema kwamba kama kanda ilikuwa na fadhila hizo, basi turudi kwenye kanda, au angalau tununue programu zinazoigiza kanda. Kurudi hakuwezekani kwa maana ya maisha ya kawaida. Studio ya kanda inataka umeme usiotetereka, vipuri, kanda zenyewe zisizoharibiwa na unyevu wa masika, na fundi aliyefundwa, na vyote hivyo vilikuwa haba hata Dar es Salaam wakati wa neema. Kompyuta mpakato, maikrofoni moja na betri ya sola vinatosha leo kurekodi Mngeta au Malinyi. Huu ni uhuru mkubwa, na mtu yeyote anayeudharau hajafikiria ni vipaji vingapi vilizikwa kwa kukosa nauli ya basi la Dar es Salaam. Kuhusu programu za kuigiza kanda, shida yake ni kwamba zinamwaga mchanga juu ya sauti ambayo tangu mwanzo haikuwa na chumba. Sauti ya kiwandani iliyopakwa mikwaruzo inabaki sauti ya kiwandani.

Pingamizi jingine ni zito zaidi. Linasema hip hop ni maneno, hasa Tanzania. Professor Jay hakuwa mbunge wa Mikumi, kwa jirani zetu ng'ambo ya Mto Ruaha, kati ya 2015 na 2020 kwa sababu ya snea. Ni kweli. Lakini maneno ya hip hop hayafiki sikioni yakiwa karatasi. Hufika yakiwa sauti iliyorekodiwa kwa njia fulani, na njia hiyo huyabadilisha. Zama ambazo kukata na kuunga kulikuwa kazi ngumu, mchanaji aliingia chumbani akiwa ameuhifadhi ubeti, akaumaliza kwa pumzi zake. Unamsikia akichoka mstari wa kumi na mbili, na uchovu huo hubeba maana, kwa sababu msikilizaji anajua yuko mtu pale. Leo ubeti hurekodiwa mstari kwa mstari, pumzi zikakatwa, na mchanaji asiyepumua huongea bila kuchoka wala kukaza. Kompyuta haimlazimishi mtu kufanya hivyo. Inaruhusu tu, na kinachoruhusiwa bila gharama huwa desturi upesi. Mchanaji wa Ifakara anaweza kujiwekea sharti la zamani, ubeti mzima kwa pumzi zake, ndani ya programu mpya kabisa.

Tena wapo wanaosema kwamba haya yote ni mapambo, maana wimbo utasikilizwa kwenye simu au kwenye sabufa ya bodaboda, na huko hakuna atakayesikia chumba. Kwangu hoja hii inageuka kuwa ushahidi wa upande wangu. Spika ya simu haiwezi kutoa besi ya mizunguko 50 kwa sekunde, kiini cha mdundo wa trap. Ndiyo maana fundi mwenye ujuzi huichafua besi hiyo kidogo kwa makusudi, ili izae sauti za juu yake ambazo simu inaweza kuzisema, na sikio likaikamilisha besi lenyewe. Ngoma ya ngozi haihitaji hila hiyo. Pigo lake lina sauti nyingi za juu na za kati kwa maumbile, ndiyo sababu hupenya. Ngoma iliyorekodiwa vizuri Ifakara itasikika vizuri zaidi kwenye simu ya bei nafuu kuliko besi ya trap iliyopakuliwa kutoka Atlanta.

Na ushahidi kwamba dijitali ikilishwa vizuri huzaa sauti yenye mahali pake tunao tayari. X Plastaz wa Arusha waliingiza sauti ya mwimbaji wa Kimasai ndani ya midundo yao, na albamu yao "Maasai Hip Hop" ya mwaka 2004 haiwezi kuchanganywa na kazi ya mji mwingine wowote. Singeli ya Dar es Salaam, ambayo ni ndugu wa hip hop kwa uchanaji wake wa kasi, ilichukua vipande vya taarabu na kuvikimbiza hadi zaidi ya mapigo 200 kwa dakika kwa kompyuta za kawaida kabisa. Mkusanyiko wa "Sounds of Sisso" uliotolewa Kampala mwaka 2017 ukawashangaza wasikilizaji wa Ulaya waliodhani wamesikia kila kitu. Hakuna kanda ya analojia hata moja katika kazi ile. Kuna mtaa, na mtaa unasikika.

Kwa hiyo kazi iliyo mbele ya maprodyuza wa bonde hili ni kulisha mashine zao. Warekodi sangula ikiwa imepashwa moto, kwa maikrofoni mbili, moja karibu na ngoma, nyingine hatua kadhaa nyuma ili chumba au uwanja uingie. Warekodi treni ya TAZARA, ambayo magurudumu yake yana mdundo usiofuata visanduku 16. Warekodi mitwangio ya kinu, vyura wa mashamba ya mpunga wakati wa masika, kwaya zinazojaza makanisa ya Ifakara. Na sisi wananchi tudai kwamba kanda za redio ya taifa, ambazo zililipiwa na kodi ya wazazi wetu, zihamishwe kwenye dijitali kwa ubora wa juu na kufunguliwa kwa vijana kwa utaratibu wa haki.

Hapo ndipo linapokuja pingamizi la mwisho, la wizi. Kusampuli, yaani kukata kipande cha rekodi ya zamani na kukijenga upya, kumelaumiwa kwingi kuwa ni kuvuna shamba la mwingine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyoanzisha COSOTA, chombo cha hakimiliki nchini, hulinda kazi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na Mbaraka alifariki mwaka 1979, kwa hiyo tungo zake bado zina wenyewe. Sheria nayo hubadilisha sauti. Mahakama ya New York ilipoamua mwishoni mwa mwaka 1991 dhidi ya Biz Markie, aliyekuwa amekata kipande cha wimbo wa Gilbert O'Sullivan bila idhini, kukata vipande vingi kwa pamoja kukawa ghali, na "The Chronic" ya Dr. Dre ya mwaka 1992 ikatumia wapigaji walioyapiga upya mawazo ya zamani kwa mikono. Njia hiyo iko wazi kwetu pia: mpiga gitaa wa kwaya ya Ifakara anaweza kuupiga mtindo wa Morogoro Jazz bila kugusa kanda ya mtu.

Lakini sheria ya mtunzi haimfikii mpigaji kirahisi, na hapa namrudia Stubblefield. Alifariki mwaka 2017 bila kulipwa mrabaha kwa mikono yake iliyosampuliwa duniani kote, kwa kuwa hakutambuliwa kama mtunzi. Mzee anayepiga sangula Mahenge au Itete yuko katika hatari hiyohiyo, na zaidi, kwani ngoma yake huitwa ya jadi na kila mtu hudhani haina mwenyewe. Prodyuza anayemrekodi kwa simu leo na kuuza mdundo huo kesho anarudia kosa lile tukiwa tumeshaliona. Mkataba wa ukurasa mmoja, ulioandikwa kwa Kiswahili na kusainiwa kabla maikrofoni haijawashwa, ungetosha kuanzia: jina la mpigaji na kijiji chake litajwe kila wimbo unapotolewa, na fungu lake liandikwe kwa asilimia.